Sanamu dhahania za chuma cha kuchomelea: mwongozo kamili kwa anayeanzia Kampala

Anayechomelea mageti Katwe tayari ana nusu ya ufundi unaohitajika hapa, na nusu hiyo hiyo ndiyo itakayomsumbua. Geti huwa na kipimo kabla halijaanza: mteja amekupa upana, unakata, unaunganisha, unasaga mshono hadi usionekane, kazi imekwisha. Sanamu dhahania, isiyoiga mtu wala kitu, haina mlango wa kupimia. Umbo lake linapatikana vipande vikiwa mkononi, na muda mwingi unakwenda kwenye kusogeza, kuegemeza, kubomoa na kutazama. Kuchomelea kwenyewe ni sehemu ndogo. Nimewaandikia watu wa aina mbili: fundi anayeijua rodi (kijiti cha kuchomelea) ila hajawahi kutengeneza kitu kisicho na kazi, na mtu wa sanaa anayechora vizuri lakini bado anazikimbia cheche.

Chuma kinaweza nini ambacho zege haliwezi

Kabla hujanunua hata rodi moja, nenda kaitazame Sanamu ya Uhuru katikati ya Kampala, karibu na hoteli ya Sheraton. Aliitengeneza Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma kisha akafundisha Makerere, kwa ajili ya uhuru wa 1962. Ni zege, na nguvu yake inatokana na uzito: mwili uliofungwafungwa, mtoto ameinuliwa juu, umbo moja nene tangu kitako hadi kilele. Izunguke, ujiulize ungeitengenezaje kwa nondo na bamba. Usingeitengeneza, wala huna haja. Chuma bapa cha milimita 6 kikikaa kwa ubavu kinatokeza mita nzima hewani bila nguzo, wala hakilegei. Kwa hiyo mchongaji wa chuma ana malighafi tatu: mstari (nondo, bomba, chuma bapa), uso (bamba), na uwazi unaobaki katikati yake. Hii ya tatu haina bei, na ndiyo inayosahaulika.

Ukitoka hapo panda Makerere, ingia maktaba kuu, uione "War Victim" ya Francis Nnaggenda. Ni ya mti, ingawa Nnaggenda ameunganisha mti na chuma katika kazi zake nyingine. Angalia jinsi viungo visivyokuwepo vinavyolishika jicho kuliko vilivyopo.

Na mwenye karakana asione haya mbele ya watu wa chuo, kwa sababu sanaa hii ilitoka kiwandani. Julio González, Mhispania aliyeishi Paris, alijifunza kuchomelea kwa gesi katika kiwanda cha Renault mwaka 1918; miaka kumi baadaye ndiye aliyemsaidia Picasso kuunda sanamu za chuma. David Smith wa Marekani alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha Studebaker mwaka 1925, na kufikia 1933 alikuwa anachomelea sanamu zake. Mwingereza Anthony Caro mwaka 1962 alitengeneza "Early One Morning", kazi ya zaidi ya mita 6, nyekundu tupu, akaiweka sakafuni bila kitako chochote. Hakuna hata moja ya mbinu zao inayokosekana kwenye karakana za Kisenyi hapa mjini.

Kununua chuma

Chakavu huuzwa kwa kilo, na muuzaji angependa uchukue rundo lote. Wewe unataka kuchagua. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Mzee, haya masalio ya mabamba unayauzaje?"

"Kwa kilo, mwanangu. Ila beba yote, usinichagulie."

"Ssebo, nikuongeze kidogo kwenye kila kilo, nichague mwenyewe."

Karibu kila mara atakubali, na pesa hiyo ya ziada ni ndogo kuliko ya kubeba kilo 100 za takataka kwa pikapiki. Jua pia hesabu ya uzito usije ukategemea mizani ya mtu: bamba la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita 1 lina takriban kilo 7.85. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4, milimita 3, inakaribia kilo 70.

Masalio ndiyo dhahabu. Mtu akikata duara kwenye bamba, yeye anachukua duara, wewe chukua kilichobaki. Kina mikunjo ambayo huwezi kuibuni ukiwa umekaa na penseli. Tafuta bamba lililopindwa na ajali, mabomba ya vipenyo tofauti, kipande kifupi cha boriti ya chuma, nondo zilizokwisha kupinda. Hakikisha ukubwa haulingani: kipande kimoja kikubwa kinachotawala, vichache vya wastani, vidogo vingi. Rundo la vipande vinavyolingana huzaa uzio.

Gia, spana, plagi na cheni ya bodaboda, viache. Hivi ni vya wale wanaotengeneza korongo na kaloli wa chakavu kwa ajili ya watalii, na sina ugomvi na korongo huyo, anasomesha watoto wengi mjini. Lakini ukiweka spana kwenye kazi dhahania, mtazamaji anaacha kuona umbo, anasema "ona, spana!" na safari yake imeishia hapo.

Kuna vyuma vya kukataa hata ukipewa bure. Vyuma vya pembe vyenye zinki vilivyokatwa kwenye minara ya umeme, vipande vya reli, vifuniko vya mashimo ya maji taka, nguzo za alama za barabarani: hizo ni mali za umma, na Sheria ya Umeme ilirekebishwa mwaka 2022 ili kukaza adhabu kwa uharibifu wa miundombinu ya umeme. Omba risiti. Muuzaji akinuna, ondoka.

Shokamzoba nayo iache. Ndani yake mna mafuta, mara nyingi na gesi iliyoshindiliwa. Ikipata moto bila kufunguliwa hupasuka na kurusha chuma. Tangi la petroli au pipa lililobeba kemikali usilikate kwa moto wala kwa grainda, hata kama limekaa tupu mwaka mzima, maana mvuke hubaki kwenye mikunjo na kutu. Bomba lenye zinki na kitu chenye kromi vinatoa moshi wa sumu, nitarudi huko.

Kipande usichokijua kipime kwa cheche. Kiguse kwenye grainda ukiwa kivulini, utazame. Chuma laini cha kawaida hutoa cheche ndefu za manjano, zimenyooka, na matawi machache mwishoni. Chuma cha kaboni nyingi, kama springi, tupa na beringi, cheche zake hupasuka matawi mengi, nyingine karibu kabisa na diski. Chuma cha kusubu, kama bloku ya injini au diski ya breki, hutoa cheche fupi, nyekundu iliyofifia. Cha kwanza chomelea bila wasiwasi. Cha pili kina masharti. Cha tatu mimi hukifunga kwa bolti na kuendelea na maisha, kwa sababu rodi zake za nikeli ni ghali na bado kinaweza kupasuka.

Mashine, rodi na umeme

Inveta ndogo (mashine nyepesi ya kuchomelea, ya kielektroniki) ya ampea 160 hadi 200 inatosha. Mashine nzito za transfoma zinazosukwa hapa hapa Katwe zina nguvu na hazidekezwi, lakini kagua nyaya: koili isionekane, kishikio cha rodi kisiwe na ufa, na klempu ya ethi ing'ate sawasawa. Kwenye bandiko la inveta kuna asilimia. Ikisomeka 30% kwenye ampea 160, maana yake ni dakika 3 za moto katika kila dakika 10. Kwa mageti hiyo ni kero, kwa sanamu hutaifikia, maana unatazama zaidi ya unavyochoma.

Rodi za E6013 zinatosha karibu kila kitu. Za milimita 2.5 ziwashe kati ya ampea 60 na 90 kwa bamba la milimita 2 hadi 4, za 3.2 kati ya 90 na 130 kwa chuma kinene zaidi. Zifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa, kwani unyevu huzifanya zirushe matone na kuacha matundu kwenye mshono.

Umeme hushuka jioni majirani wakirudi nyumbani. Rodi ikianza kuganda kwenye chuma bila sababu, huenda tatizo si mkono wako. Choma asubuhi. Waya wa kuongezea uwe mnene na uukunjue wote, uliojikunja huchemka. Kuhusu Yaka (umeme wa kulipia kabla), rodi ya 2.5 ikiwaka inavuta takriban kilowati 3, hivyo saa nzima ya moto mfululizo ni kama yuniti 3.

Mengine ni madogo: grainda yenye kinga yake, diski nyembamba za kukata na nene za kusagia, diski za msasa, klempu nne au zaidi, sumaku za pembe, brashi ya waya, nyundo ya kutolea gamba (ganda gumu linalobaki juu ya mshono), chaki. Diski ya kukata usiisagie kwa ubavu. Huvunjika, na vipande vyake havichagui pa kwenda.

Macho na mapafu

Kioo cha helmeti kiwe namba 10 au 11. Miwani ya jua haitoshi hata kwa taki moja (doa dogo la weldi), na anayesimama pembeni kukutazama anahitaji kinga sawa na wewe. Macho yaliyopigwa na moto wa weldi hayaumi pale pale. Ni saa kadhaa baadaye, kwa kawaida usiku, ndipo unaamka ukidhani yamejaa mchanga. Usiweke viazi wala maziwa. Nenda kliniki.

Moshi wa zinki huleta homa, baridi na maumivu ya mwili jioni ya siku ile ile, na kwa sababu tunaishi tunakoishi, mtu anakunywa dawa ya malaria na kurudi kazini kesho kuvuta moshi ule ule. Kama homa inakuja kila baada ya kuchomelea mabati, mweleze daktari kazi yako. Yale maziwa yanayonywewa na mafundi kusafisha kifua hayafiki kwenye mapafu. Yanakwenda tumboni kama chakula kingine. Kinga ni kuondoa zinki sentimita kadhaa kila upande wa mshono, ukiwa nje na barakoa nzuri, au kutonunua bomba hilo kabisa.

Vaa pamba au kaki, suruali ifunike buti kwa nje. Sakafu ikiwa na maji usichomelee. Weka ndoo ya mchanga, na ukimaliza kazi usiondoke hapo hapo, kwa kuwa cheche inaweza kulala kwenye gunia kwa saa nzima kabla haijawaka.

Kupanga: hapa ndipo sanamu inapozaliwa

David Smith alikuwa akipaka mistatili meupe kwenye sakafu ya karakana yake na kupanga vyuma juu yake. Fanya hivyo kwa chokaa, au paka rangi nyeupe ubao mmoja wa plaiwudi. Juu ya sakafu ya kawaida ya karakana, yenye mafuta na vumbi, chuma hakionekani mipaka yake. Juu ya nyeupe uwazi kati ya vipande unajitokeza wenyewe. Mwaga vipande, panda kwenye stuli, tazama ukiwa juu. Sogeza. Shuka, panda tena.

Mpangilio wa sakafuni ni picha bapa tu, kwa hiyo usiupende sana. Unachotafuta ni vipande viwili vinavyozungumza. Ukivipata, viinue visimame, na hapo ndipo linakuja swali ambalo kwangu mimi ndilo sanamu yenyewe: vinakutana vipi?

Chukua mfano wa vipande vitatu. Bamba la milimita 6 lililobaki baada ya kukatwa duara, lina ghuba kubwa upande mmoja. Bomba la mraba la milimita 40, urefu wa sentimita 60. Nondo ya milimita 12 iliyopinda. Fundi wa geti atalikalisha bomba katikati ya bamba, wima, na nondo juu. Imara, na imekufa. Sasa lisimamishe bamba kwa ncha mbili za ghuba yake, ghuba ikitazama chini, upate upinde. Lipitishe bomba ndani ya upinde huo bila kuligusa bamba isipokuwa kwenye kona moja tu, upande wa juu. Kona ile ya bomba inaligusa bamba kwa upana usiozidi ukucha, na jicho linaona bomba zito linaning'inia kwa kitu kisichotosha. Ukiligeuza bomba kidogo ili uso wake mzima ulale kwenye bamba, mvuto wote unakwisha. Sasa limeegemea, limepumzika. Hakuna kilichobadilika ila eneo la kugusana. Nondo iweke mwisho, na iweke pale tu inapolipeleka jicho mahali ambapo vile viwili haviwezi kulipeleka. Mara nyingi nondo haihitajiki. Iondoe.

Kusimama, kuegemea, kuning'inia, kupenya, kubana: amua kila ungio linafanya lipi kati ya hayo, na usiruhusu yote yafanye jambo moja.

Pembe mraba ndiyo ugonjwa wa mkono wa geti. Kuitoroka usitoroke kwa woga: kipande kilichoinama nyuzi 2 au 3 kinaonekana kama kosa la fundi, kilichoinama nyuzi 15 kinaonekana kama uamuzi. Vivyo hivyo kwa nafasi. Vipande viwili ama viguse au viachane kwa upana unaoonekana wazi.

Jihadhari na sura zinazoingia bila hodi. Duara juu ya mstari uliosimama ni kichwa, utake usitake. Matundu mawili yaliyo sambamba ni macho. Vyuma viwili vinavyotawanyika kutoka juu ya nguzo ni mikono. Ukiona kazi imeanza kuwa mtu au ndege, lisukume duara chini ya kiuno cha kazi, au ziba tundu moja.

Kama huna chuma cha kutosha kujaribia, tengeneza vielelezo vidogo kwa boksi la maduka na waya wa kufungia nondo, kwa theluthi au robo ya ukubwa. Ila boksi halina uzito, na linakubali mambo ambayo chuma kitayakataa.

Taki

Taki ni doa dogo la weldi la kushikiza, milimita 5 hadi 10. Taki moja ni bawaba: kipande kinashika lakini bado unaweza kukiyumbisha kwa nyundo upande mmoja au mwingine. Taki ya pili upande wa pili inakifunga. Kwa hiyo piga moja, toa helmeti, tazama, sukuma, tazama tena. Kumbuka kwamba weldi ikipoa hujivuta, na kipande kitainamia upande wa taki. Kiweke kimeinama kidogo upande wa pili kabla hujachoma, kitajirudisha chenyewe.

Huna msaidizi? Egemeza kwa nondo za muda zilizopigwa taki kwenye kitako, gunia la mchanga, jeki ya gari. Usishike kipande kizito kwa mkono mmoja huku unachoma kwa mwingine, hasa kinachoning'inia. Kipande kikubwa kinachobeba vingine kipe taki nne nzuri hata kwenye hatua hii ya majaribio.

Kazi yote ikisimama kwa taki, iache. Nakushauri ilale hivyo usiku mmoja angalau. Asubuhi ingia karakana bila kuifikiria, uone jicho linakwenda wapi kwanza. Izunguke pande zote. Sanamu nyingi za wanaoanza zina mbele na nyuma, kama kabati. Itazame umekaa chini. Ipindue kichwa chini miguu juu kama inabebeka, kwa sababu ikiwa hivyo hukumbuki tena ulichokusudia, unaona kilichopo. Piga picha kwa simu, uzigeuze nyeusi na nyeupe.

Na mwanga wetu una tabia zake. Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Mwezi Machi na Septemba, saa saba kasoro mchana, jua liko utosini na kivuli kinajikunja chini ya kazi. Nyuso zilizolala zinawaka, zilizosimama zinafifia. Hukumu ya saa hiyo usiiamini. Itazame saa moja na nusu asubuhi na saa kumi na moja jioni, mwanga ukiwa wa ubavuni. Kama itakaa nje, ujue pia kwamba Juni jua hupita kaskazini na Desemba kusini, kwa hiyo haina upande wa kivuli wa kudumu. Kila uso utakuja kuonekana.

Kubomoa ni sehemu ya ratiba. Kata taki kwa diski nyembamba. Ukivunja kwa kupindapinda utang'oa nyama ya bamba. Usimwonee huruma mshono kwa sababu tu umetumia rodi.

Mshono wa mwisho

Ukiridhika, ndipo unachomelea kweli. Anza na maungio yanayobeba uzito. Bamba lenye unene unaozidi milimita 5 lisagwe ukingo wake kwa mshazari ili weldi iingie ndani, kisha lichomwe pande zote mbili. Usikimbize mshono mrefu kwa mkupuo: choma sentimita 3 hadi 5, ruka, nenda upande wa pili, acha upoe, rudi. Ukichoma upande mmoja wote, ile pembe uliyoihangaikia siku nzima itavutwa na kupotea mbele ya macho yako.

Bomba unaloliziba pande zote litoboe tundu la milimita 5 mahali pasipoonekana, upande wa chini, kabla ya kufunga mshono wa mwisho. Hewa iliyofungwa hutanuka ikapuliza weldi ikurudie usoni, na unyevu ukibaki ndani utaozesha bomba bila wewe kujua.

Springi na vyuma vingine vya kaboni nyingi vipashe moto kwanza pande zote za ungio, chomelea mfululizo, kisha vifukie kwenye jivu kavu vipoe polepole hadi kesho. Ukiviacha kwenye upepo utasikia "ting" wakati unakunywa chai, na huo ni ufa.

Je, usage mshono? Watu wa geti husaga kila kitu. Mimi husaga pale tu ambapo vipande viwili vinatakiwa kusomeka kama kimoja. Pale vinapokutana kama wageni, mshono safi uliotolewa gamba ubaki. Kitu kibaya ni kusaga nusunusu, ambapo mikwaruzo ya grainda inaenda kila upande na kuvuta jicho kuliko umbo. Ukisaga, maliza kwa diski ya msasa, ukifuata uelekeo mmoja.

Uso

Kuna njia tatu, na kila moja inabadilisha kazi.

Rangi moja tupu huviunganisha vipande vilivyotoka sehemu kumi na kufuta historia yao. Ndivyo nyekundu ya Caro inavyofanya kazi. Bamba jipya lina ngozi ya bluu-nyeusi ya kiwandani. Isage itoke, la sivyo itabanduka pamoja na rangi yako. Futa mafuta, paka red oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mara mbili, kisha rangi ya mafuta mara mbili, na ingiza brashi kwenye kila pembe iliyojificha.

Kutu ni nzuri, lakini usidanganyike na picha za sanamu za Ulaya zinazokaa nje na kutu isiyokula. Ile ni aloi maalumu yenye shaba na kromi kidogo. Chuma cha kawaida kinaendelea kuliwa, na mvua zetu za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba haziikawizi kazi hiyo. Kwa kazi ya ndani, futa kwa siki na chumvi, iache siku chache ishike kutu, sugua kwa brashi, suuza, kausha kabisa, kisha ifunge kwa nta. Dawa za klorini za kufulia usizisogeze karibu na siki. Zikikutana hutoa gesi ya sumu.

Njia ya tatu ndiyo niipendayo kwa kazi za ndani: chuma kitupu na nta ya nyuki. Yeyusha nta kwenye sufuria iliyo ndani ya maji ya moto (inayeyuka kwenye nyuzi 60 na kidogo), ondoa motoni, mbali na mwali wowote, ndipo uongeze tapentaini kidogo. Pasha chuma hadi mkono usitulie juu yake, paka kwa kitambaa cha pamba, kikipoa sugua. Kinakuwa cheusi chenye kina, na kila alama ya nyundo inaonekana.

Kusimamisha na kuuza

Pima mlango wa karakana kabla ya mshono wa mwisho. Unacheka, lakini upime. Kazi inayozidi mlango au pikapiki itengeneze kwa sehemu mbili zinazofungwa kwa bolti, na chomelea masikio ya kunyanyulia mahali utakapoweza kuyakata baadaye.

Kwa uthabiti, sukuma kilele kwa kiganja: kitako kikinyanyuka upande mmoja kwa urahisi, kiongeze upana kabla ya kuongeza uzito. Kwa kazi ya nje tumia bamba la kitako la milimita 10, bolti nne za M12 zilizozikwa kwenye zege, na liinue kama sentimita 2 ili maji yasikae chini yake. Watoto watapanda. Kwa hiyo ningʼinia wewe mwenyewe kwenye kila kinachotokeza, na zungusha kwa tupa kila ncha iliyo chini ya mita 2.

Bei usiihesabu kwa kilo, maana mnunuzi akishaijua hesabu hiyo atakupeleka kwenye mizani. Hesabu chuma, rodi, diski, umeme, usafiri na siku zako, pamoja na zile za kutazama tu. Kuonyesha, anza na jumba la sanaa la Nommo Gallery pale Nakasero, iliyoko tangu 1964, na wenye hoteli na mikahawa wenye bustani. Watakuuliza, kama wanavyoniuliza mimi: "Hiki ni nini?" Usimtungie mtu hadithi ya umoja wa taifa. Mwambie azunguke upande wa pili.

Unapomkabidhi mnunuzi kazi ya nje, mpe na kopo dogo la rangi ile ile uliyotumia. Mwambie akague mshono wa kitako na pembe zinazoshika maji kila mvua zinapokwisha. Doa la kutu likitokea alisugue hadi chuma king'ae, apake red oksaidi, kisha rangi, siku hiyo hiyo.